Mke wa Marwa

Nyanya,

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kikuria sikufundishwa kukiandika, na Kiingereza ungekikataa. Kiswahili ulikijua cha sokoni, cha kuuzia ndizi na kubishania bei. Basi nitasema polepole, kama ulivyoniagiza nilipokuwa nikiwasomea majirani barua zao: "Polepole, mtoto. Huyo mtu hajaondoka, yumo humo humo kwenye karatasi."

Mvua imenyesha mara nyingi tangu tukuzike. Mama ameezeka upya upande ule wa nyumba yako uliokuwa ukivuja, na ameanza kulala humo. Anasema nyumba isiyowashwa moto inaingiwa na mchwa. Mimi nadhani anakukosa tu. Ng'ombe wako mwekundu alizaa ndama dume, na Mama alikaa naye zizini akimwambia mambo yote uliyokuwa ukimwambia wewe, hata yale matusi.

Mimi nimepata kazi Migori. Ningependa kuishia hapo, Nyanya, nikuache ukifurahi. Lakini kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nishindwe kuja kwenye kaburi lako sikukuu iliyopita. Nilifika Kehancha, nikaona aibu, nikageuka.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna watu wa chuo kutoka Nairobi wanaotaka kujua jinsi watu wa wilaya hii wanavyoishi. Hawawezi kuuliza kila mtu, kwa hiyo wanachagua nyumba kwa kura, halafu makarani wanaenda na karatasi za maswali. Nani anakaa hapa? Nani mkubwa wa nyumba? Nani ameolewa, nani mjane, nani anafanya kazi mbali? Majibu yakirudi ofisini, mimi nayageuza namba. Ameolewa ni moja. Mjane ni mbili. Aliyeachwa ni tatu. Hajaolewa ni nne. Mengineyo ni tano. Namba hizo zinapelekwa Nairobi, na huko zinatobolewa kwenye kadi, kisha mashine inahesabu kadi.

Tulifundishwa Homa Bay kwa wiki nzima. Mwalimu wetu, ambaye ndiye mkubwa wetu hapa Migori, ni Bwana Omolo, kijana wa Mfangano aliyesoma chuo kikuu. Ni mpole, na hucheka kwa pua. Siku ya kwanza alituuliza, "Nyumba ni nini?" Tukacheka. Mmoja akasema ni kuta na paa, mwingine akasema ni mke. Bwana Omolo akasema kwenye karatasi zetu nyumba ni watu wanaokula kutoka chungu kimoja, basi. Tukabishana hadi chai ikapoa, kwa sababu karibu yangu alikuwa Owino, kijana wa Kosele, na baba yake ana wake na vyungu kila upande. Owino akasema, "Basi mimi ni wa nyumba zote, maana nakula kila mahali." Hata Bwana Omolo alicheka.

Nilikuwa na furaha wiki ile. Niliona tunafanya kazi kubwa ya nchi mpya. Nilipojaza karatasi yangu ya kuajiriwa, palikuwa na mstari: jina la baba, na kama yu hai. Niliandika Marwa. Halafu nikaandika: amefariki.

Nyanya, wewe unajua. Lakini nitaandika hata hivyo, kwa sababu sijawahi kuiandika popote. Ulizaa wasichana watupu. Babu alipokufa pasipo mtoto wa kiume, watu walisema nyumba yako imefungwa. Ukachukua ng'ombe walioletwa kwa ajili ya shangazi zangu, ukamwoza mke mwana ambaye hukumpata. Mwana huyo ulimpa jina Marwa. Marwa hakuzaliwa, lakini mke wake alikuja, na mke huyo ni mama yangu, na sisi aliotuzaa ni watoto wa Marwa. Kwetu hakuna anayeshangaa. Kwetu zipo nyumba nyingi za namna hiyo.

Nakumbuka ukimwita Mama kutoka ng'ambo ya ua, "Mke wa Marwa! Kuku wako wanakula mtama wangu!" Nilipokuwa mdogo nilidhani Marwa yuko mgodini kama baba za wenzangu. Nikakuuliza atarudi lini. Ulicheka mpaka ukajifuta macho kwa ukingo wa shuka, ukasema, "Atarudi kutoka wapi, mtoto? Hajaenda." Nikaridhika kabisa. Nilikuwa mtoto mwenye baba ambaye hakwenda popote.

Aibu hii sikuipata nyumbani. Niliipata shuleni, kwa wasichana wa misheni walionicheka, na ikakua. Kufikia Homa Bay, kati ya watu wa kutoka kila mahali, nilikuwa nimeamua kwamba baba aliyekufa ni mtu safi, asiyeulizwa maswali.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kura iliangukia kijiji chetu. Sheria yetu ni kwamba karani haendi kwa jamaa zake, basi akatumwa Owino, na askari wa chifu akamtafsiria. Boma letu likawamo. Mama hakumwambia Owino kwamba ana binti ofisini. Alidhani Owino anajua. Alimkaribisha uji, akajibu kila kitu. Umeolewa? Nimeolewa. Mume anaitwa nani? Marwa. Yuko wapi? Mama akasema hayupo. Owino akaandika: mume yuko mbali kazini.

Karatasi ilipofika, Bwana Omolo aliisoma kwa sauti mbele yetu sote, maana mume aliye mbali kazini ana maswali yake. "Owino, huyu bwana hana umri. Hana kazi. Hatumi pesa. Hajulikani aliondoka lini. Huyu ni mume au ni upepo?"

Owino akasema, "Bwana, mimi niliuliza! Nilisema, Mama, mzee ako na miaka ngapi? Akaniambia, nani angejua? Nikaona huyu mama amekasirikia bwana yake, nisiingilie."

Ofisi nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, Nyanya. Nilikuwa nimeshatambua jina la kijiji, na jina la Mama, na majina ya wadogo zangu. Langu halikuwamo, kwa kuwa mimi ninakula Migori.

Bwana Omolo akanigeukia. "Robi, wewe ni wa huko. Hii ni kitu gani?"

Ningeweza kusema kwa maneno machache. Niliyakusanya mdomoni. Lakini wote walikuwa bado na kicheko usoni, wakisubiri kingine cha kuchekesha, nikaona nitakayosema yatakuwa hicho kingine. Nikasema, "Labda ni mama tu asiye na mume. Huona haya kusema." Bwana Omolo akaitikia kwa kichwa, akanipa karatasi. Nikaandika nne. Hajaolewa. Mkono wangu ndio ulioandika, na wino ulikuwa mzuri, haukuchuruzika.

Ingeishia hapo. Lakini Owino ana moyo mzuri. Alirudi kijijini kwetu kumalizia nyumba nyingine, akapita kwa Mama kumtoa wasiwasi. Akamwambia kupitia kwa askari yule yule, "Mama, usijali mambo ya mzee. Tumerekebisha. Tumekuandika hujaolewa." Alisema hayo uani, na wake wa jirani walikuwa wakitwanga. Mama aliniambia baadaye kwamba michi ilinyamaza yote kwa pamoja.

Siku ya soko Mama alikuja Migori. Niliinua macho kutoka kwenye karatasi nikamwona mlangoni, amevaa gauni lake la kubatiziwa, vumbi la barabara mpaka magotini. Hakujua kama ni mimi niliyeandika. Alikuja akifurahi kwamba nipo, kwamba atakuwa na mtu wa kumsemea.

Akasimama mbele ya meza ya Bwana Omolo, akaniambia kwa Kikuria, "Mwambie."

Nikasimama kutafsiri. Owino alikuwepo, na makarani wengine wawili, na mpiga chapa. Mama akasema aliolewa kwa ng'ombe, mchana, watu wakiona. Nikasema, "Mama huyu anasema aliolewa kwa ng'ombe." Akasema aliletwa nyumba ya Gati, akawa mkamwana wa Gati. Nikasema, "Mama huyu anasema aliletwa nyumba ya mama mmoja anaitwa Gati."

Nyanya, nilikuita mama mmoja.

Mama akanigeukia. Kiswahili chake ni kidogo kuliko hata chako, lakini maneno mawili, "mama huyu", anayajua. Aliniangalia kwa muda, si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu aliyeshika mfuko akakuta ni mwepesi. Kisha akasema kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, mbele yao wote: "Mama huyu? Mimi mama yako."

Mashine ya kupiga chapa ilikoma. Nilitazama sakafu. Ni sakafu ya simenti, ina ufa unaoanzia mlangoni, naufahamu vizuri sasa.

Bwana Omolo akasema taratibu, "Robi. Lakini wewe ulituandikia baba yako amefariki."

"Amesema nini?" Mama akaniuliza. Ilibidi nitafsiri, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nikamwambia Mama kwa lugha yetu kwamba niliwaandikia watu hawa kuwa baba yangu alikufa.

Mama alishangaa kwelikweli. "Alikufa? Atakufaje? Hakuzaliwa." Halafu akasema nimwambie yule bwana, na safari hii nikasema vizuri, neno kwa neno, "Mama yangu anasema yeye si mjane, kwa sababu mume wake hajafa. Anasema hakuachwa, kwa sababu hakuna aliyemwacha. Na anasema asiitwe hajaolewa, kwa sababu kama hajaolewa, basi watoto wake si wa mtu, na nyumba ya mkwe wake imefungwa, na mkwe wake alihangaika bure mpaka akafa."

Bwana Omolo hakucheka. Aliuliza juu ya yule mwanamume aliyetuzaa, kama yeye si mume. Aliuliza kwa adabu, akitazama pembeni. Mama akajibu, "Huyo alikuwa mgeni. Alikula akaenda." Owino alikohoa akatoka nje.

Basi Bwana Omolo akafikiri, akasema, "Tungeweza kumtia kwenye Mengineyo." Mama akauliza Mengineyo ni nani. Nilieleza: ni pale wanapowekwa watu wasio na mahali pao. Mama akasema, "Mwulize, wale ng'ombe walitolewa na Mengineyo?"

Hapo ndipo Bwana Omolo alipocheka kwa pua, lakini si kwa kutucheka. Akavuta kiti, akamkalisha Mama. Akatuambia kwamba nyanya yake kule kisiwani Mfangano alisali kwa Kisuba mpaka kufa, na kwamba kwenye karatasi hizi hizi, penye kabila, Suba haimo; aliyezitengeneza hakujua kama ipo. "Mimi mwenyewe nimejiandika Mjaluo," akasema. "Nilijaza na nikaweka sahihi." Sijui kwa nini alituambia hayo. Labda aliona uso wangu.

Kisha akasema jambo ambalo sikutaka kulisikia. Karatasi za kijiji chetu zilikuwa zimekwisha kwenda Nairobi kwa basi la asubuhi ya jana. Angeandika barua, lakini kadi zikishatobolewa hazifungiki matundu.

Nilimtafsiria Mama. Akauliza kama watu wa Nairobi wataliona jina lake. Nikamwambia hapana, jina linaachwa, inabaki namba. Akafikiri. Akasema, "Basi hata hawatajua kwamba ni mimi wanayenisingizia."

Bado hakuwa amejua ni nani aliyeiandika hiyo namba. Nilimwambia tukiwa stendi, nikiwa nimebeba chumvi yake na sabuni. Nilimwambia, "Ni mimi niliyekuandika hivyo." Alipanda, akakaa dirishani, akanyoosha mkono nimpe mzigo. Halafu akaniuliza kama chumba ninacholala kinavuja. Nikasema kidogo. Akasema nisogeze kitanda. Gari likaondoka.

Ningefurahi kama angenigombeza, Nyanya. Wewe ungenigombeza. Ungenitaja kwa majina yote, ukakataa chai yangu siku mbili, halafu tungekwisha.

Ndiyo maana sikukuu nilifika Kehancha nikarudi. Nilijua Mama atanipikia, na majirani watakuja kunisalimia, wale wale waliokuwa wakitwanga. Nilisimama kando ya barabara na mkate wako mkononi. Ndiyo, nilikununulia mkate, kama vile ungeula. Nikampa mtoto mmoja, nikarudi Migori.

Wiki iliyofuata Bwana Omolo akanipa kazi. Vijiji vilivyobaki vilikuwa vya upande wa Isebania, kwa Wakuria watupu. Akasema, "Andika maelezo ya makarani. Ndoa ya namna ile waielewe vipi, na waulize vipi. Wewe ndiye unayejua." Nilimwomba ampe mwingine. Akasema, "Hakuna mwingine," akatoka.

Nyanya, sijawahi kuandika kitu kigumu kama kile. Kila nilipoanza na neno "mume" maneno yote yaliyofuata yalipinda. Nikasema "mwanamke aliyeolewa na mwanamke", nikafuta, kwa sababu si kweli. Wewe hukumwoa Mama, ulimwoza mwanao. Nikasema "mume asiyekuwepo", nikafuta, hao wako mgodini. Giza lilikuwa linaingia nilipoacha kumtafuta mume nikakuangalia wewe, umesimama uani ukifukuza kuku. Ndipo nikaandika hivi:

"Kama nyumba haikupata mtoto wa kiume, na mama wa nyumba hiyo akatoa ng'ombe kumwoza mwanawe, mwanamke aliyeletwa ameolewa. Andika moja. Watoto wake ni wa nyumba hiyo. Usiulize umri wa mume wala kazi yake. Anza kwa kuuliza: wewe ni wa nyumba ya nani?"

Bwana Omolo akaisoma mara mbili, akaongeza koma, akaipeleka kwa mpiga chapa. Owino akasema, "Haya, sasa tuna waume aina mbili, walioko na wasioko. Dada yangu anatafuta wa aina ya pili." Kisha akasogea mezani kwangu akasema kwa sauti ya chini, "Robi, ningejua ni mama yako singesema vile pale uani." Nikamwambia angejua kama ningesema. Ndivyo ilivyo. Kosa lake lilikuwa la mtu asiyejua.

Usidhani aibu iliniondoka pale. Kitabu cha hesabu hizo kitachapishwa, na ndani yake, penye wanawake wasioolewa, Mama atakuwamo, na karibu yake hakutakuwa na nafasi yako wala ya Marwa. Nyumba za Isebania zitakuwa sahihi. Yetu itakuwa na kosa, na kosa hilo lilitoka mkononi mwa mtoto wa nyumba hiyo hiyo. Nimeuliza tena, na Nairobi hawajajibu.

Lakini nataka nikuambie jambo la juzi. Owino na mimi tulitumwa karibu na mpaka. Tukafika kwa mwanamke mzee, mkali, anayevuta ugoro. Mkamwana wake alikuwa akinyonyesha kivulini. Nilisalimia, nikafungua karatasi, lakini mzee akauweka mkono wake juu yake. Kabla ya kunijibu chochote alitaka kujua anaongea na nani. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Aliuliza kwa Kikuria, lakini askari wa chifu, akijitia kusaidia, akamtafsiria Owino kwa sauti kubwa. Basi Owino akawa anasubiri pia, na askari, na wanawake wa boma, na watoto.

Uso uliniwaka, Nyanya, kama siku ile ofisini. Nikasema mimi ni mtoto wa Marwa, mwana wa Gati. Mzee akataka kujua Marwa yupi, maana Marwa ni wengi. Nikasema, "Yule ambaye hakuzaliwa."

"Ahaa," akasema, kama mtu aliyetajiwa jirani. Akaondoa mkono wake kwenye karatasi.

Basi, Nyanya, lala. Mwisho wa mwezi nitakuja, na safari hii nitavuka ua mchana, wakati wanatwanga, nifike mpaka kwa Mama. Na popote nitakapoulizwa, Homa Bay au Nairobi au mbele ya mtu yeyote wa kunicheka, nitajibu vile nilivyomjibu yule mzee. Uso utawaka. Siwezi kukuahidi kwamba hautawaka. Nakuahidi kwamba nitajibu ukiwaka hivyo hivyo.

Mjukuu wako,
Robi wa Marwa